Mahame ya Rufiji yana wenyewe

Ukiingia katika bonde la Mto Rufiji ukakuta miembe mikubwa imesimama pamoja mahali pasipo na nyumba hata moja, ujue hapo ni hame, yaani mahali watu walipokuwa wakiishi kisha wakahama. Hakuna kibao cha jina, hakuna mwenyekiti wala daftari la wakazi, maana mkazi mwenyewe hayupo. Ila ukipekua nyasi chini ya miembe hiyo utaokota vigae vya vyungu, utaona jiwe la kusagia limezama nusu ardhini, na kando kidogo kuna matuta yaliyodidimia. Hayo ni makaburi.

Watu hawa hawakuondoka kwa kupenda. Mafuriko makubwa ya 1968 yalipopita, Serikali iliwahamishia nyanda za juu, kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Sheria ya 1975 ikataka kijiji kinachoandikishwa kiwe na kaya zisizopungua 250. Vitongoji vya nyumba kumi au kumi na tano kando ya mto vingeandikishwa wapi?

Sibezi huduma zilizopatikana huko juu. Shule na zahanati ni vitu vya maana, na wapo wazee wanaoshukuru hadi leo. Ninachokataa ni kuyaita mahame hayo ardhi tupu.

Bonde halikuachwa kamwe. Maji yakishapungua, watu wanashuka kupanda mlau, mazao ya baada ya mafuriko, kwenye udongo uliobaki na unyevu. Wanajenga dungu, kibanda cha kulindia shamba, juu ya nguzo ndefu na kulala humo wiki kwa wiki, wakiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe na viboko usiku. Nimepanda ngazi ya dungu la jamaa yangu mmoja: miti iliyofungwa kwa kamba za magome, chini moto wa kuni mbichi ili moshi ufukuze mbu. Toka pale juu alinionyesha kwa kidole ulipokuwa mji wa babu yake, kisha wa shemeji wa babu yake, kisha msikiti. Mimi niliona majani tu. Yeye aliona mtaa mzima.

Sasa fungua sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na Serikali Kuu, ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya 1970 na 1977 na kufuta haki za waliokuwa na ardhi hiyo kabla. Hili linaniuma, kwa sababu 1994 Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mtu ahamishwe kwa amri, kisha kutokuwepo kwake kuwe ndio ushahidi kwamba pale si kwake?

Na mto wenyewe umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mipango ya kilimo cha bondeni itazidi kuja. Kila mpango huanza na ramani, na kwenye ramani mahame hayaonekani.

Kwa hiyo halmashauri za vijiji zinapokaa kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, ziende bondeni na wazee. Kila hame lichorwe, liandikwe jina lake la zamani na koo zilizozikwa hapo, na makaburi yatengewe eneo lisiloguswa na trekta. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa mafuriko yale sasa anakaribia themanini. Kazi hii inawezekana angali hai, na haihitaji fedha za mfadhili. Inahitaji siku chache za kutembea na karani anayejua kusikiliza.