Shilingi elfu sita hazimsomeshi mtoto mwaka mzima

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, nilimkuta binti wa dada yangu amekaa kizingitini na begi mgongoni. Yuko darasa la sita, shule ya serikali hapa Kigoma mjini. "Shikamoo mama mdogo. Tumerudishwa tufuate mia tano ya mtihani." Dada alikuwa sokoni Mwanga na madumu yake ya mawese. Mia tano nilikuwa nayo, nikampa, akakimbia. Alipofika, karatasi ya hisabati ilikuwa imeshakusanywa.

Waraka wa elimu bila malipo unakataza mtoto kurudishwa kwa sababu ya mchango. Kwa hiyo kesho yake nilikwenda shuleni nimefura. Mwalimu mkuu hakubishana nami. Alifungua daftari la mapato na matumizi, akalisukuma upande wangu wa meza, akanyamaza.

Nimelitafakari daftari lile wiki nzima.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazoteremka shuleni. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya: shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na kwa hizo inunuliwe chaki, ilipwe ankara ya maji, likarabatiwe dawati, utungwe na kuchapwa mtihani. Stesheneri niliyoiulizia inatoa kopi ukurasa mmoja kwa shilingi 100. Masomo sita, kurasa tatu tatu, tayari ni 1,800 kwa mtoto mmoja. Mitihani mitatu tu inakula 5,400. Zinabaki 600 za mambo mengine yote, Januari mpaka Desemba.

Kiwango hicho cha 10,000 kilipangwa enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002. Wakati ule zilikuwa karibu sawa na dola 10 za Marekani. Leo hazifiki dola 5. Bei ya rimu imepanda, bei ya saruji imepanda, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri imepanda, ruzuku ya mtoto imesimama palepale. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule sasa ni wazazi, na wanaosoma kwa kiwango kilekile ni watoto wao!

Madarasa yamejengwa, nakubali. Fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na ada ya kidato cha tano na sita imeondolewa tangu 2022. Walimu bado wachache, na vyoo ni aibu. Lakini jengo jipya lisilo na pesa ya chaki halifundishi mtu, na pesa hii ya uendeshaji ndiyo isiyozinduliwa kwa kukata utepe, kwa hiyo hakuna anayeidai.

Mimi naidai. Wabunge wetu wa Kigoma wasimame kwenye bajeti waseme ruzuku iongezwe, angalau irudishwe kwenye thamani yake ya 2002, na ifike shuleni yote kwa wakati. Anayesema wazazi wachangie zaidi aje Kibirizi, mwaloni wanakoshushia samaki, siku ya shule, saa tano asubuhi. Atawakuta watoto wenye sare wakianika dagaa. Waliotumwa mia tano wakaikosa nyumbani hawarudi darasani kukaa bure. Wanakwenda palipo na pesa, na wengine, ukiwaonjesha ziwa mara moja, umewapoteza.

Nilimwomba radhi mwalimu mkuu kabla ya kuondoka. Mtihani wa mwezi ujao ameamua uandikwe ubaoni, mtoto yeyote asirudishwe tena. Binti yetu anakaa dawati la mwisho na wenzake watatu. Ameniomba nimwambie mwalimu amsogeze mbele kabla ya siku hiyo, maana kutoka nyuma namba hazioni.