Kigae cha Tanga, chupa ya Arusha

Mjini Arusha neno "kioo" ni tusi. Kaa na mabroka wa mawe nusu saa tu utalisikia: mtu analigeuzageuza jiwe juani, anakunja uso, anatamka hilo neno moja, na biashara imekufa. Tangu tanzanite igunduliwe Mererani mwaka 1967, wengi hapa wamesomesha watoto kwa kujua kutofautisha jiwe na chupa. Ndiyo maana nilitabasamu nilipokuta, kwenye meza moja ya soko la vinyago la Barabara ya Fire, hereni za vigae vya chupa zimepangwa waziwazi, kwa bei isiyo na aibu, na kikaratasi kando: "Kutoka Bahari ya Hindi".

"Hivi kweli ni vya baharini, dada?"

"Vya baharini kabisa, kaka. Tanga huko."

Nyuma ya kiti chake, kwenye ndoo ya rangi, chupa tatu za mvinyo zilikuwa zinasubiri nyundo. Sikubisha. Nikalipa, nikachukua za kijani.

Ugomvi wangu ni na kile kikaratasi tu, hereni zenyewe ni nzuri. Na hata huo ugomvi nimeupima mara kadhaa kabla ya kuuandika, kwa sababu yule dada ana hoja kuliko ilivyoonekana pale mezani.

Kigae cha bahari halisi ni takataka iliyozeeka vizuri. Chupa inatupwa, inavunjika, mchanga na kokoto zinaila makali, na maji ya chumvi yananyonya polepole magadi na chokaa iliyomo kwenye kioo, hadi ngozi yake inabaki na vijishimo na ule ukungu mweupe unaopendwa. Kazi hiyo ni ya miongo, mara nyingi miwili hadi minne, wakati mwingine zaidi. Kule Seaham, Uingereza, watu bado wanaokota mabaki ya kiwanda cha chupa kilichofunguliwa mwaka 1853 na kufungwa 1921. Fort Bragg, California, kuna ufukwe uliojaa vigae kutokana na jalala la mji lililofungwa mwaka 1967, mwaka uleule wa tanzanite yetu. Leo sehemu yake iko ndani ya hifadhi na kuokota ni marufuku. Na tangu plastiki ichukue nafasi ya chupa, bahari hailishwi tena kama zamani.

Pwani yetu ina kikwazo cha ziada: matumbawe. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani nje huko, maji yanafika ufukweni yamepoa. Kwa mwenye ngalawa hiyo ni neema, ila kwa kigae maana yake ni kusuguliwa taratibu mno. Ndiyo maana ukiokota vya huku kwetu utakuta vingine upande mmoja ni laini kama sabuni iliyotumika, upande wa pili bado unakata kidole. Havijaiva.

Sasa weka hayo kando ya kinachowezekana Arusha. Pipa dogo la mpira linalozungushwa na mota, vipande vya chupa, maji, na unga mkali wa kusagia mawe, uleule wa mafundi wa vito. Baada ya siku chache una vigae vyenye ukungu, bila makali. Ufundi upo: wakata mawe ni wengi, na Kituo cha Jemolojia kinafundisha wapya. Malighafi ndiyo usiseme. Chupa ya bia ikiwa nzima inarudi kwenye kreti, ina mwenyewe. Ya mvinyo na pombe kali haina kwao, na mji wa mahoteli na kambi za safari unazizalisha kila usiku. Kwa nini mtu abebe vigae kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 400, wakati chupa ziko nyuma ya jiko la hoteli ya jirani?

Kusema kweli, hoja hii sijaweza kuivunja. Tena ina ushahidi hapahapa mjini. Karakana ya Shanga, pale Arusha Coffee Lodge, inayeyusha chupa zilizotumika na kuzifanya shanga na vyombo, kazi inayofanywa na mafundi wenye ulemavu, na inasema waziwazi kwamba hizi ni chupa. Wageni wanaenda kwa sababu hiyo hiyo. Hata shanga za mama zetu wa Kimasai, ambazo hakuna anayezitilia shaka kuwa ni za Kimasai, nyingi ni kioo kilichotoka Ucheki.

Lakini anayenunua kigae cha bahari ananunua miaka, kioo chenyewe ni cha bure. Na miaka hiyo inapimika. Chukua lenzi ya sonara, ambayo Arusha iko kwenye kila mfuko wa tatu, utazame ngozi ya kigae: cha bahari kina vijialama kama mwezi mwandamo, havilingani, pengine vimebana, pengine hakuna; cha pipa kimefifia sawasawa kila mahali, kama kioo cha dirisha la bafu. Mnunuzi mwenye uzoefu ataona. Marekani kuna chama kizima cha wapenzi wa vigae hivi, na jambo linalowagombanisha na wauzaji kila siku ni hilohilo la kuita cha mashine cha bahari. Mji unaolalamika kila mwaka kwamba tanzanite yetu inachafuliwa na vioo vya bluu hauna uso wa kufanya mchezo huo wenyewe.

Kuna utetezi wa vile halisi ambao mimi siununui, ule wa usafi: kwamba kuokota vigae ni kusafisha fukwe. Kigae kilichoiva ndicho takataka isiyo na madhara kuliko zote pale mchangani. Kinachochana miguu ya watoto ni kile chenye makali, ambacho mwokotaji anakiacha kiive. Utetezi wenye uzito zaidi ni wa sheria: tumbawe na kombe kubwa vinadhibitiwa na mkataba wa kimataifa, mgeni anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege, ila kipande cha chupa hakimtii matatani. Ndani ya maeneo ya hifadhi za bahari, kama ile ya Silikanti, yule samaki wa kale, kule Tanga, ni busara mwokotaji aulize kwanza.

Linaloniuma zaidi ni la mwokotaji. Wanawake wanaoshuka wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, kutafuta chaza na kombe, wanaweza kuokota vigae njiani bila gharama. Akija mtu wa bara kununua kwa ndoo, kigae cha bluu iliyokolea, pengine cha chupa ya dawa ya zamani, kinaondoka kwa bei ya kahawia la bia, na thamani yake inaonekana kikishafika kwenye waya wa shaba Arusha. Nyekundu na chungwa, ambazo ni adimu zaidi, vivyo hivyo. Anayetaka kuuza jina la Tanga basi anunue Tanga, kwa kipande na kwa rangi. Cha pipa kina soko lake bila kuazima bahari ya mtu.

Wiki iliyofuata nilimrudia yule dada nikamshauri abadilishe kikaratasi, aandike "Chupa za Arusha".

Akacheka. "Kaka, nani atanunua chupa ya Arusha?"

"Mimi. Ndoo niliiona kabla sijalipa."

Akageuka kuitazama, kisha akaisukuma kwa mguu chini ya meza.