Bima Ifuate Chuma au Ifuate Viti?

Baba mdogo alilipata gari lake kwenye mnada wa shirika moja la misaada hapa Arua, eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ni Land Cruiser ya mwili mrefu, ya mwaka 2001, injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, ile isiyojua tabo wala kompyuta. Ndani kuna viti 13: dereva na wawili mbele, kisha nyuma mabenchi mawili yanayotazamana, watano huku na watano kule, magoti yakisalimiana kila penye shimo. Ukikaa West Nile unayajua magari haya. Tangu makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yafunguliwe Yumbe mwaka 2016, yamekuwa mengi barabarani. Shirika hulitumia kwa miaka kadhaa, hulipiga mnada, na gari ambalo jana lilikuwa na bendera leo linabeba wanakwaya, maharusi na, zaidi ya wote, waombolezaji.

Ubishi ulizuka siku ya kukata bima. Mwanawe mkubwa alisema, "Mzee, chukua stika tu. Kati ya mimi na hili gari, mkubwa nani?" Baba mdogo akamjibu, "Na likiungua, lingine utanizalia wewe?"

Watanzania wana majina mazuri ya vitu hivi viwili, nami nitayaazima: bima ndogo, ambayo kijana anaiita stika, ni ile ya mtu wa tatu, yaani anayeumizwa na gari lako, na sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo; bima kubwa ni ile inayolinda pia gari lenyewe. Nimewasikiliza wote wawili na kila mmoja ana hoja. Ila wote wanabishana juu ya chuma, na hofu yangu mimi iko kwenye mabenchi.

Tuanze na hoja ya kijana. Kampuni nyingi husita kuliwekea bima kubwa gari lililopita umri fulani, na zile zinazokubali hutaka kwanza likaguliwe na kuthaminishwa. Tuseme limethaminishwa shilingi milioni 60 na ada ni asilimia 4 (natumia namba hizi kwa mfano tu). Hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka, kabla ya VAT ya asilimia 18. Miaka kumi bila ajali, umeshalipa milioni 24, na gari bado linazeeka. Tena ajali ndogondogo, ambazo ndizo nyingi, mara nyingi hazifiki mbali kupita kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye gari abebe mwenyewe kabla ya kampuni kutoa hata shilingi. Magari haya ni rahisi kutengeneza. Spea za 1HZ zimejaa soko la Kisekka, Kampala, mpya, kuukuu na za kuigiza, na asubuhi zinapakiwa kwenye basi. Mlango uliobonyea fundi wa mtaani anaunyoosha kwa nyundo na subira. Kumlipa mtu mwingine kila mwaka ili akurudishie gharama unayoweza kuimudu mwenyewe ni ustaarabu wa gharama kubwa.

Hoja ya mzee nayo ina mizizi. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani na kupiga marufuku kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yaliyokwisha kuwa nchini yalibaki, lakini mlango ulifungwa nyuma yao. Matokeo yake ni kichekesho. Kwenye hesabu ya bima gari linashuka thamani kila mwaka kwa sababu ya uchakavu; kwenye soko, gari gumu la injini ya kizamani halishuki hivyo, maana huwezi tena kuagiza jingine la umri huo kutoka Japani. Likiungua lote, kampuni italipa thamani ya soko kama mthamini wake anavyoiona siku hiyo, si kama muuza magari wa Arua anavyoiona.

Hapo ndipo watu hufanya kosa la kujipunja. Ili ada ishuke, mtu anaandika gari ni la milioni 30 huku anajua hawezi kulitoa chini ya 60. Anadhani likiharibika kwa milioni 10 atalipwa 10, maana 10 bado ni chini ya 30. Lakini mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: umekata bima ya nusu ya thamani, basi hata hasara ndogo utalipwa nusu yake. Milioni 10 inakuwa 5, halafu kinaondolewa kile kiasi cha kubeba mwenyewe. Kama mzee ataamua kuchukua bima kubwa, namshauri agombanie thamani siku ya kukata mkataba, waiandike kwamba wamekubaliana, na aambatanishe ripoti ya mthamini. Kugombania thamani gari likiwa jivu ni kazi bure.

Kuna njia ya katikati ambayo hutajwa kwa haraka sana na mawakala, labda kwa sababu haiwalipi vizuri: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kwa gari la aina hii naiona ina akili. Inaacha michubuko kwa fundi na nyundo yake, inabeba yale mawili yanayoweza kulifuta gari kabisa usiku mmoja. Haikusaidii likipinduka, hilo lazima lisemwe.

Na kupinduka ndiko kunakonirudisha kwenye mabenchi. Haya ni magari marefu kwenda juu, yenye springi za vyuma bapa nyuma, yaliyoundwa kwa ajili ya mzigo na njia mbaya. Abiria wa benchi la pembeni hatazami mbele, na mara nyingi hana mkanda, au anao wa kiunoni ambao hakuna anayeufunga. Kwenye Land Rover Defender, ambayo toleo lake refu liliwahi kuwa na viti 12, watengenezaji waliyaondoa mabenchi ya kutazamana mwaka 2007 sheria za usalama za Ulaya zilipobadilika. Kwetu bado yanafanya kazi kila siku. Gari hilo likilala ubavu, hasara ya chuma inaweza kuwa milioni 15. Hasara ya watu 13 ni nini?

Sheria yetu ya bima ya mtu wa tatu ni ya mwaka 1989. Kwa miaka mingi kikomo chake kimekuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali moja. Piga hesabu. Hata tukichukulia kwamba wote waliomo wanahesabiwa, milioni 10 ukiigawa kwa 13 unapata shilingi 769,000 na ushee kwa kila mmoja. Kikomo cha ajali kinaisha kabla hujafika kwa abiria wa kumi na moja. Kwa mwenye Vitz ya watu watano, kile cha milioni 10 hakimgusi ndani ya gari lake. Kwa mwenye viti 13 ndicho kinachoamua. Na fedha hizo kwa mtu aliyevunjika nyonga hazimalizi hata matibabu. Kinachobaki, familia itamdai mwenye gari, mahakamani au chini ya mwembe mbele ya wazee. Chini ya mwembe huwa ghali zaidi.

Kwa hiyo kijana anaposema "stika tu," yuko sawa kuhusu chuma na amekosea vibaya kuhusu watu. Baba mdogo naye anaweza kulipa mamilioni ya bima kubwa, akalala usingizi, na bado abiria wake wakawa na ulinzi hafifu, kwa sababu "kubwa" hiyo inapima gari. Cha kumwuliza wakala ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni dhima kwa abiria, yaani wajibu wako wa kuwafidia: kikomo ni kiasi gani kwa mtu na kwa tukio, na kinaweza kuongezwa kwa ada gani? La pili ni bima ya ajali binafsi inayouzwa kwa kiti. Tofauti yake ni kubwa. Dhima hulipa pale inapoonekana kwamba kosa ni la dereva wako, na tairi likipasuka njiani kwenda mji wa Moyo, mjadala wa kosa la nani unaweza kuchukua miaka. Ajali binafsi haiulizi swali hilo: umeumia ukiwa kwenye kiti kilicholipiwa, unalipwa kiwango kilichoandikwa. Kiwango chenyewe huwa kidogo, ndiyo, lakini hufika wakati hospitali bado inadai.

Sasa hapa kuna mtego, nao ni neno "kiti kilicholipiwa". Magari mengi ya mnada yana kadi inayosema jambo moja na mabenchi yanayosema jingine. Lililokuwa gari la wagonjwa limeandikwa viti vichache. Mnunuzi kachomelea mabenchi. Kuna wanaoshauriwa waandike viti 5 ili ada ipungue. Bima ni mkataba wa kuambiana ukweli wote, na ukificha idadi ya viti umempa mwenye kampuni sababu ya kukataa dai siku unayomhitaji. Vilevile jina. Shirika lilinunua gari bila kodi. Likiuzwa kwa mtu binafsi kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hulipwa kwanza ndipo kadi ibadilishwe. Wengi huishia njiani, wanaendesha kwa miezi gari lililo bado na jina la shirika, na wanashangaa kampuni inapowauliza hasara iliyopatikana ni ya nani.

Linalonisumbua zaidi ni mchango wa mafuta. Baba mdogo hafanyi biashara ya abiria, na hataki leseni yake. Lakini msiba ukitokea Koboko, ukoo unachanga elfu tano tano, gari linajazwa dizeli, safari inaanza. Je, hapo amebeba abiria wa kulipa? Yeye anacheka swali hilo. Kwake huo ni udugu. Mkaguzi wa madai hatacheka, kwa sababu mkataba wa matumizi binafsi kwa kawaida hauhesabu abiria wa nauli, na elfu tano iliyotoka mfukoni inafanana sana na nauli. Upande mwingine, kukata bima ya gari la abiria ni kulipa ada kubwa mwaka mzima kwa ajili ya misiba sita. Ningemshauri aiulize kampuni kwa maandishi, aeleze desturi ilivyo, adai jibu la maandishi. Neno la wakala mdomoni si kipengele cha mkataba.

Mpaka wa Vurra nisiusahau. Akivuka kwenda sokoni Ariwara, upande wa Congo, stika yake ya Uganda inabaki Uganda. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, inayobeba dhima kwa mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya nchi unayoingia, na ndani yake mna matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Haibebi gari lenyewe.

Kama ningekuwa mimi mwenye gari, ningechukua ya mtu wa tatu na moto na wizi, ningeipandisha dhima kwa abiria mpaka pale mfuko unapolia, na ningelipia ajali binafsi kwa kila kiti. Pesa niliyookoa kwenye bima kubwa ningeiweka ya matengenezo, na nakubali kwamba likipinduka mwaka wa kwanza baba mdogo atakuwa na haki ya kunicheka. Kisha ningeng'oa mabenchi. Fundi akifunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda, gari litabaki na nafasi tisa; zikiandikwa upya kwenye kadi, hatari inapungua, na huenda ada nayo ikapungua.

Nilipomweleza haya, mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini. "Tisa ni sawa," alisema. "Ila siku ya maziko, wewe ndiye utakayemwambia shangazi yako ashuke?"