Bi Khadija Alikuwa na Mkataba

Hakuna semina ya wanawake wa Kiislamu isiyoanza na Bi Khadija bint Khuwaylid (R.A.). Jina lake liko kwenye bango, liko kwenye risala, na mgeni rasmi naye lazima alitaje. Kisha mnagawiwa maji na sambusa mbili mbili, mnaambiwa mthubutu, mnarudi nyumbani. Kinachorukwa kila mara ni namna yule bibi alivyofanya biashara yenyewe. Hakufuata msafara. Alikuwa mwenye mtaji: aliwapa watu mali waende nayo Sham, kwa mapatano ya nani atapata nini yakijulikana kabla ngamia hawajapakiwa. Muhammad (S.A.W.) alipokwenda Sham na mali ya bibi huyo, alikwenda na Maysara, mtu wa nyumbani kwa Bi Khadija, na waliporudi Maysara alieleza aliyoyaona njiani. Palikuwa na mkataba, palikuwa na shahidi, palikuwa na hesabu. Huyo ndiye Bi Khadija ambaye dada anayeanza na kilo moja ya nyama anamhitaji.

Tuchukue hizo hizo sambusa za semina. Sambusa za kugandisha ni biashara inayoanzwa na wengi Dar es Salaam, Tanga na Unguja, kwa sababu ufundi upo nyumbani tayari. Kilo moja ya unga, ukisukuma manda (ngozi za kufungia nyama) nyembamba, hutoa 60 na zaidi. Kilo moja ya nyama ya kusaga ikikaushwa vizuri hubaki kama gramu 700. Ongeza nusu kilo ya vitunguu mwishoni, unapata ujazo wa gramu 20 kwa kila sambusa, jumla 60. Kwa hiyo kilo kwa kilo, bila kubaki manda wala nyama.

Makosa ya jikoni ni machache na yanajulikana. Nyama ikifungwa ingali na moto, mvuke unalowesha manda kwa ndani na sambusa inapasuka kwenye mafuta. Vitunguu vikiivishwa sana pamoja na nyama vinatoa maji, matokeo ni yale yale. Ukizitia kwenye mfuko kabla hazijaganda zinashikana kama matofali. Zipange kwanza kwenye sinia zisigusane, saa 2 hadi 3 kwenye friza, ndipo uzifunge. Mteja aambiwe kwenye lebo azikaange zikiwa zimeganda, mafuta ya moto wa wastani. Akiziyeyusha kwanza zitafunguka, na lawama itakuwa yako.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Ndiyo maana mjuzi hujazia nafasi kwa chupa za maji yaliyoganda. Na watoto wakatazwe kufungua kuchungulia.

Hayo ni mepesi. Kinachoua biashara ni bei. Nitaweka mfano wa bei za Dar. Wewe weka za soko lako. Nyama 12,000, unga 2,000, vitunguu 1,000, viungo na ndimu 1,500. Jumla 16,500, gawa kwa 60, unapata shilingi 275. Dada anauza 500 na anaona faida ya 225 kwa kila moja. Anafurahi, anapeleka picha kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa malizia hesabu. Gesi 1,000. Mifuko na lebo 1,500. Umeme wa friza 1,000. Friza yenyewe: ukinunua kwa 900,000 na ikadumu miaka 5, inakula 15,000 kila mwezi, ukipika mara 10 kwa mwezi, ni 1,500 kwa kila mpiko. Tumefika 21,500. Bado wewe. Muda wa saa 5 jikoni, mgongo umeinama, uulipe angalau 7,000, ambayo ungemlipa msichana wa kukusaidia. Jumla 28,500. Kisha kati ya zile 60, toa 3 zilizopasuka, zilizoungua au zilizoonjwa. Zinazouzika ni 57. Gawa: shilingi 500 kamili kwa sambusa moja.

Yaani aliyeuza 500 hakupata faida hata senti. Alipata kibarua cha 7,000, na hata hicho hakukiona kwa sababu hakukitenga. Pakiti ya 12 imemgharimu 6,000. Akiuza 8,000 kwa rejareja ana 2,000 halali ya biashara. Mpiko 10 kwa mwezi ni pakiti 47, faida 94,000. Si nyingi, na ni heri aijue mapema kuliko kuambiwa jukwaani kwamba mwaka huu atakuwa milionea. Akitaka kumpa mwenye duka auze, duka nalo linataka 1,000 au 1,500 kwa pakiti. Aliyepanga bei ya 6,500 hana cha kumpa mwenye duka, na ndiyo maana wengi hawavuki mtaa wao.

Kuna uvujaji mwingine ambao hauandikwi. Wageni wamekuja, fungua friza. Wifi anatoka safari, fungua friza. Kulisha wageni ni ibada, sina ugomvi nayo, lakini iandikwe: “nyumbani, pakiti 2”, na fedha yake itoke kwenye mfuko wa nyumba iingie kwenye mfuko wa biashara. Kwa sheria yetu matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake. Suratun Nisaa aya ya 32 inasema wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Mke akisaidia, anapata thawabu ya sadaka. Ila sadaka isiyojulikana kiasi chake haimsaidii kupanga bei.

Na majirani. “Niandikie, mwisho wa mwezi.” Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandika deni. Bado tunaona haya kutoa daftari mbele ya shoga, tunasema “tutaonana”. Andika jina, tarehe, idadi, siku ya kulipa, na akutumie ujumbe wa kukubali papo hapo. Anayekasirika kwa kuandikwa amekupunguzia hasara.

Tuje kwenye mtaji, ambapo hofu ya riba imewafanya wengine wakae bure na wengine wafumbe macho. Njia zipo, kila moja na mtego wake.

Mchezo wa kupeana ndio mwepesi: wanawake 10, kila mmoja 90,000 kwa mwezi, zamu moja ni 900,000, friza hiyo. Hakuna nyongeza. Mtego ni aliyepokea mapema kisha akapunguza kasi ya kutoa. Wapya wapewe zamu za mwisho, kila mtu awe na mdhamini ndani ya kundi, na karatasi isainiwe. Angalia pia kwamba 90,000 inakaribia faida yako yote ya mwezi. Zamu ya kwanza ina raha, miezi 9 inayofuata hutakula faida.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati ya hizo ni ya wanawake, haina riba kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa 2018. Nashangaa kuona misikiti michache inayoitangaza. Inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Kinachoharibu ni vikundi vya kuokotana: watu hawajuani, kila mmoja ana shughuli yake, mmoja anahama mtaa na deni linabaki kwa wenzake. Kikundi kizuri huwa kimeshacheza mchezo pamoja mwaka mzima kabla ya kwenda kuomba.

Kuna murabaha ya benki. Amana Bank ilifungua milango 2011, na benki za kawaida kama CRDB na PBZ zina huduma zao za Kiislamu. Benki inanunua friza, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, unalipa kidogo kidogo. Uliza maswali mawili tu. Risiti ya dukani imeandikwa jina la nani? Na friza ikianguka njiani kabla hujakabidhiwa, hasara ya nani? Fedha ikiingizwa kwenye akaunti yako “ukanunue mwenyewe”, bila benki kukuweka wakala wake kwa maandishi, hapo hakuna kilichouzwa. Halafu rudi kwenye hesabu: friza ya 900,000 ukiuziwa kwa 1,050,000 kwa miezi 12 ni 87,500 kila mwezi, na faida yako ni 94,000. Umeme ukikatika siku tatu mwezi mmoja, umekwama. Halali haiondoi ulazima wa kupima.

Njia ninayoipenda kuliko zote ndiyo ya Bi Khadija, mudharaba, na ndiyo inayochezewa zaidi, hasa ndani ya ukoo. Kaka anakupa milioni moja, anasema: “Sitaki riba dada yangu, wewe nipe 50,000 tu kila mwezi.” Hiyo ni riba, iwe imetoka kwa kaka au kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa sababu kiasi kimefungwa, biashara ipate isipate. Mudharaba ni mgawo wa faida: mfano 60 kwako mwenye kazi, 40 kwake mwenye mali, baada ya gharama. Ikitokea hasara bila uzembe wako, mali iliyopotea ni yake, wewe umepoteza jasho. Andikeni mgawo, siku ya kupiga hesabu (kila miezi mitatu inatosha), nini kinahesabiwa kama gharama, na nani ataona daftari. Kaka akikataa sharti la hasara, basi alitaka kukopesha. Akukopeshe, arudishiwe milioni yake ile ile.

Kuhusu usajili, watu huuogopa kwa ajili ya kodi. Mimi nasema sababu ya kwanza ni mirathi. Biashara nyingi za wake zinaendeshwa kwa laini ya simu ya mume, TIN (namba ya mlipakodi) ya mume, jina la duka la mume. Siku akifariki, vyote vinaonekana ni vyake, vinaingia kwenye mirathi, na mke wa marehemu aliyeacha watoto anapata thumuni. Friza uliyoilipia miezi 10 ya mchezo unagawiwa sehemu moja ya nane, mbele ya mashemeji wasiojua kitu. Hawajakudhulumu, wamefuata karatasi. Kwa hiyo jina la biashara lisajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa kitambulisho chako cha NIDA, TIN iwe yako, risiti ya friza iwe na jina lako, na lipa namba iwe ya biashara. Unguja na Pemba ofisi ni nyingine lakini hoja ni hiyo hiyo. Mume mcha Mungu atakusindikiza mwenyewe.

Hapo hapo fikiria eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Nani anajua bei, anajua wateja, anaweza kupokea nyama asubuhi? Kama jibu ni hakuna, funza mtu mmoja sasa.

Kodi yenyewe inampendelea mwenye daftari. Katika viwango vya makadirio vilivyowekwa 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000; mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Pakiti zetu 47 kwa 8,000 ni 4,512,000 kwa mwaka. Mwenye daftari: 15,360. Daftari la kaunta linauzwa shilingi ngapi?

Ukitaka kuingia supamaketi utaulizwa alama ya TBS (shirika la viwango). Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwa barua ya utambulisho. Anayekuelekeza TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, amepitwa, chakula kilihamishiwa TBS 2019. Cheti cha halali, ambacho Bara hutolewa na BAKWATA, ni jambo jingine kabisa: kinazungumzia uchinjaji na viambato, hakisemi kama jiko lako lina kuku anayepita.

Zaka ya biashara pia inataka daftari. Mwaka wa Hijria ukitimia, hesabu sambusa zilizopo kwa bei ya kuuzia, malighafi, fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Toa madeni uliyonayo yaliyofika muda. Friza, masufuria na meza haviingii. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Ukipiga kwa mwaka wa miladi, ni 2.577, kwa sababu mwaka huo ni mrefu kwa siku kama 11.

Siku hizo 11 zinahusu na Ramadhani. Inarudi nyuma kila mwaka, kwa hiyo marejesho yaliyopangwa kwa miezi ya kizungu hayatakutana na msimu wako mwaka unaofuata. Panga kwa mwandamo. Friza ianze kujazwa katikati ya Shaabani, malighafi zinunuliwe kabla nyama haijapanda, na oda za kumi la mwisho zichukuliwe malipo nusu mbele. Shawwal mauzo hushuka ghafla, wengine wanafunga sita, wengine wamechoka kukaanga. Usipike wiki hizo. Zunguka na daftari ukusanye madeni, kabla watu hawajasahau walifuturu na pakiti ngapi.