Bolt hakuongeza spidi mwishoni

Mwandishi umesema mkimbiaji Usain Bolt alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 kule Berlin 2009 kwa kuongeza spidi mwishoni, hapana ndugu yangu. Angalia muda wake wa kila kipande cha mita 20, mita 60 hadi 80 alitumia sekunde 1.61 afu 80 hadi 100 akatumia 1.66, yaani alishaanza kupungua kama wenzake, ila alikuwa ameshafika spidi kubwa kuliko wote. Fosfokreatini, yaani akiba ya nguvu ya haraka kwenye misuli, inashuka ndani ya sekunde chache tu, na mguu unagusa chini muda ambao haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde, ukichoka kidogo tu hupati muda wa kuisukuma ardhi vizuri. Ndo maana inaniuma nikisikia makocha wa shule wanawapigia watoto kelele ongeza ongeza, mtoto anakaza shingo na mabega anazidi kupungua, mwambieni alegeze mabega jamani