Biriani ya Majaribio
Mama mkwe wa mwenzangu alipiga simu saa nane mchana, katikati ya Ramadhani, kuuliza biriani imefika wapi.

Mwenzangu kuona jina tu, akanisukumia simu. "Pokea wewe. Mwambie niko msikitini."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mkwe wangu Mungu amzidishie. Nimeletewa ujumbe, ati sahani 40 za biriani zishalipiwa, zaja. Kisha ukaja mwengine, na mwengine. Basi nialike watu wangapi?"

Nikachungulia kompyuta ya mwenzangu. Majaribio ya programu yetu yalijiendesha upya kila akihifadhi faili, na yeye huhifadhi faili hata akipiga chafya.

Tulikuwa tunaiundia hoteli moja ya hapa mjini programu ya kuagizia chakula. Mteja akiagiza, yatoka maombi mawili ya mtandaoni (HTTP): moja kwa seva ya malipo, la pili kwa seva ya SMS. Kwenye jaribio yote mawili huwa ya kuigiza. Mwenzangu aliita Http::fake, amri ya kuigiza maombi katika Laravel, zana tuliyoundia programu, akataja anwani ya malipo, akaishia hapo. Sasa Laravel ukiitajia anwani moja, huigiza hiyo hiyo. Nyinginezo huziacha zitoke kweli. Malipo yakawa ya uongo, SMS za haki, na salio la SMS lilikuwamo, la kutosha. Nambari ya mteja aliitoa kichwani, na iliyomkaa kichwani ni ya mama mkwe peke yake, maana hiyo ndiyo simu asiyothubutu kuikosa. (Kuipokea ni habari nyingine.)

"Ziba haraka!"

Akaweka nyota, inayojibu kila anwani, juu kabisa ya orodha. Laravel hushika kigezo cha kwanza kinacholingana, na nyota hulingana na chochote. Ombi la malipo likaanza kurudi na jibu tupu lisilo risiti, majaribio yakafeli, yakawa mekundu tupu. Tukaifuta, tukaitaja anwani ya SMS kwa jina lake, tukaongeza Http::preventStrayRequests ili ombi lolote lisilotajwa lipige kelele badala ya kutoroka. Yakapita, kijani.

Simu ikalia.

"Mwanangu, mbona ujumbe umekoma? Nishawaambia majirani wasipike."

"Mama, zile zilikuwa za majaribio..."

"Majaribio gani mwezi mtukufu?"

Yule aliye msikitini akapaza sauti kutoka chini ya meza: "Mwambie ziko njiani!"

Mwenye hoteli alifurahi kupita kiasi. Programu haijazinduliwa, tayari ina oda ya sahani 40! Mwenzangu alipomwomba amlipe baada ya Idi, furaha ikapungua, lakini sufuria zikapakiwa.

Magharibi ikatukuta mtaani kwake, Kibokoni, tukizisukuma kwa mkokoteni kwenye vichochoro, watoto nyuma. Mama mkwe alisimama mlangoni, simu mkononi, akahesabu sahani moja moja zikipakuliwa.

"Hizi za ujumbe wa kwanza," akasema. "Za ule wa pili je?"