Ajaili si ya waandika programu peke yao

Wahandisi wengi wa hapa Arusha wana kauli moja: ajaili, yaani kujenga kwa hatua fupi, kujaribu na kurekebisha njiani, ni mambo ya watu wa programu, sisi tunaoshika vyuma tunataka michoro ikamilike kabla ya kununua hata skrubu. Siikubali kauli hiyo.

Chukua dira ya maji ya malipo ya kabla kwenye kituo cha kuchotea maji kijijini Arumeru. Mtu analipa kwa simu, vali inafunguka, ndoo inajaa, vali inajifunga. Ndani yake mna kihisi cha mtiririko, saketi, betri, paneli ya sola, laini ya simu, programu ya kifaa na programu ya seva inayopokea malipo. Kila kipande kina timu yake na ratiba yake, kisha wote wanakutana siku ya kufunga mtambo. Siku hiyo ndipo inapojulikana kwamba vali inataka umeme ambao betri haina baada ya mawingu ya masika, au kwamba mtandao ukikatika katikati, pesa imeshakatwa na bomba ni kavu. Kila timu ilifaulu majaribio yake, na bado mama mwenye ndoo anarudi nyumbani bila maji.

Ni kweli kwamba watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Ajaili walitoka upande wa programu. Lakini mzizi mmoja wa fikra hizo uko viwandani. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika juu ya kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, watengenezaji wa magari, kamera na mashine za kurudufu, na waandishi hao ndio walioazima kutoka mchezo wa raga neno skramu, ambalo leo ni jina la mtindo mmoja wa ajaili. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliwasilisha skramu ya programu mwaka 1995. Basi tusiseme vyuma havihusiki.

Ninachotaka ni hiki: mfumo mzima uunganishwe tangu wiki za mwanzo, hata ukiwa na sura mbaya. Vali ya dukani, bodi ya majaribio, laini ya simu, programu yenye kazi moja tu ya kufungua na kufunga. Kisha kila baada ya wiki mbili kipande kimoja kinabadilishwa na kilicho bora zaidi. Saketi iliyoagizwa China haijafika? Programu ndogo ijifanye saketi hadi mzigo ufike, na kazi isisimame.

Si kila kitu kinaweza kuahirishwa. Kipenyo cha bomba, shinikizo la maji na kalibu ya boksi la kifaa ni ghali kubadilisha, kwa hiyo viamuliwe kwa utulivu na viandikwe. Makubaliano ya namna vipande vinavyozungumza yaandikwe kwa umakini kuliko waraka mwingine wowote, kwa sababu hayo ndiyo yanayoruhusu mengine yote kubadilika. Maji ya ukanda huu wa Mlima Meru yana floridi nyingi. Tuseme katikati ya mradi kijiji kinapata chujio la mkaa wa mifupa la kupunguza floridi hiyo, na wananchi wanataka maji ya kunywa yawe na bei yake na ya kufulia yake. Bei ikiwa imechomekwa ndani ya kifaa, fundi atazunguka vituo vyote kimoja kimoja. Ikiwa kwenye seva, inabadilishwa ofisini.

Na maonyesho ya kila awamu yafanyike kituoni, mbele ya mhudumu na fundi bomba wa jumuiya ya watumia maji. Mhudumu akiona skrini haisomeki juani, atasema palepale. Bosi katika chumba cha mikutano hataliona hilo.

Kizuizi kikubwa ninachokiona ni mikataba. Miradi mingi inalipa awamu kwa ripoti: ya usanifu, ya kati, ya mwisho. Timu zinaandika kile kinacholipwa. Wanaoandaa zabuni za mifumo ya aina hii waweke malipo ya kwanza kwenye kituo kimoja kinachotoa maji kweli, kikiwa na vipande vyote, kabla ya kuagiza vifaa vya vituo vilivyobaki.